Safari ya kongamano Addis Ababa: nitauona mji au nitaumwa?

"Assalamu aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, mama wa miaka 53, na nina presha ambayo imetulia kwa vidonge. Mwezi wa Novemba nimealikwa kwenye kongamano la elimu Addis Ababa, katika kituo cha mikutano cha Umoja wa Mataifa. Nitaondoka hapa Jumapili kwa ndege ya moja kwa moja. Vikao ni Jumatatu hadi Jumatano saa sita mchana, na ndege ya kurudi ni Alhamisi usiku. Sijawahi kutoka nje ya Kenya. Mwenzangu aliyekwenda mwaka jana alizirai siku ya pili, akaambiwa ni ukosefu wa oksijeni, na tangu hapo ananionya nisitoke hotelini. Mwanangu naye ameniandikia orodha ya sehemu kumi na mbili za kuona, ya kwanza ikiwa mlima Entoto. Nimfuate nani? Na chakula je? Mimi ni Mwislamu, na nasikia huko watu wanakula nyama mbichi."

Waaleikum salaam, mwalimu. Nimeyasoma maswali yako na naona yanatoka kwenye hofu moja: kwamba mwili uliozaliwa na kukulia pwani hautaukubali mji wa juu. Wakati huohuo inakuuma kufika mji mkubwa kama ule kisha urudi na picha za ukumbi wa mkutano peke yake. Una haki ya kuumia. Kazi yangu ni kupanga safari za watu wa Pwani wanaokwenda mikutanoni, na wengi hurudi wakiujua mlango wa hoteli na mlango wa ukumbi, basi. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Mwenzako usimfuate. Orodha ya mwanao ichukue, lakini uigeuze chini juu: Entoto iwe ya mwisho.

Tuanze na hiyo oksijeni. Katika hewa unayovuta, iwe Addis Ababa au hapa Mombasa, oksijeni ni takriban asilimia 21. Haipungui kwa kupanda mlima. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Fikiria marobota ya mitumba pale Kongowea yaliyopangwa moja juu ya jingine: la chini limebanwa na uzito wa yote yaliyolilalia, la juu limejiachia. Sisi tunaishi usawa wa bahari, ndani ya lile robota la chini kabisa. Addis Ababa iko takriban mita 2,350 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni kama robo tatu ya huu wetu. Pumzi moja ukiwa kule inakuingizia oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko pumzi ileile ukiwa Likoni.

Mwili unalijua hilo mara tu unaposhuka kwenye ndege, na unaanza kujirekebisha bila kukuuliza. Unavuta pumzi kwa haraka na kwa kina zaidi hata ukiwa usingizini. Moyo unaongeza mapigo. Figo zinatoa maji mengi zaidi, kwa hiyo utakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko ulivyozoea. Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili mtu wa Pwani huumwa na kichwa kidogo, hulala usingizi wa kukatikakatika, na huhema akipanda ngazi za ghorofa mbili. Hayo si maradhi, ni mwili kazini. Upumuaji hurekebika kwa kiasi kikubwa ndani ya siku mbili tatu. Damu nayo huongeza chembe nyekundu, lakini hilo huchukua wiki kadhaa na wewe hutakuwepo. Kwa safari yako, maana yake ni hii: utakuwa na nguvu zaidi Jumatano na Alhamisi kuliko Jumapili. Mpango wote nitakaokupa umesimama juu ya jambo hilo.

Kingine cha kukutuliza: hewa iliyo ndani ya ndege kubwa ya abiria hushushwa mgandamizo hadi ifanane na ya mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwa hiyo kila anayesafiri kwa ndege huishi kwa saa kadhaa katika hewa inayokaribiana na ya Addis Ababa, wazee na wenye presha wakiwemo. Ugonjwa hasa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500. Addis iko chini kidogo ya hapo. Entoto iko juu yake, na tutaifikia.

Sasa mwenzako. Sikumpima, kwa hiyo siwezi kusema ni nini kilichomwangusha. Lakini najua namna wajumbe wa kutoka huku wanavyoishi siku mbili za mwanzo. Mombasa jasho hukaa mwilini na kukukumbusha kunywa maji. Kule mwezi wa Novemba hewa ni kavu na baridi, jasho hukauka kabla hujalihisi, na kiu haiji. Figo zinatoa maji, pumzi za haraka zinatoa maji, na mtu hajanywa chochote isipokuwa vikombe vya kahawa. Ongeza usingizi wa saa nne, kifungua kinywa kilichorukwa kwa haraka ya kikao, na kusimama muda mrefu kwenye foleni ya usajili. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzirai hata hapa Makadara. Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu, kula asubuhi, lala mapema Jumapili, na jioni ile ya kwanza usibebe mizigo mizito. Kichwa kikiuma, vidonge vya kawaida vya paracetamol vinatosha. Kuna dawa maalumu ya mwinuko, asetazolamaidi, ambayo watu hushauriana kununua madukani kabla ya safari. Kwa mji kama Addis wengi hawaihitaji, na kwa kuwa nayo huongeza mkojo, mwenye vidonge vya presha asiiguse mpaka daktari wake aseme.

Kuhusu presha yenyewe nitakuwa mkweli. Siku za mwanzo katika mwinuko inaweza kupanda kiasi, kwa sababu mwili hutoa homoni za kuubana mshipa na kuuhimiza moyo. Kwa mtu ambaye presha yake imetulia, kwa kawaida hilo halizuii safari. Lakini nenda ukamwone daktari wako wiki tatu au nne kabla, ana kwa ana. Mwulize kama dozi ibaki ilivyo, na kama kimojawapo cha vidonge vyako ni cha kuongeza mkojo, na ikiwa ni hivyo ufanyeje katika hewa kavu. Kama una mashine ya kupimia nyumbani, ibebe. Vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye maandishi, vya kutosha siku tano na akiba ya wiki nzima.

Katika ujumbe wenu huenda kuna wengine, kwa hiyo waambie na hili. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) tunao kwa wingi hapa Pwani. Aliye nao hasa, yaani anayeugua, asipande ndege ya kwenda mji wa juu kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu upungufu wa oksijeni na wa maji unaweza kumletea maumivu makali na ya hatari. Mwenye kuubeba tu kwa kawaida husafiri salama, ila amtajie daktari. Hali kadhalika mwenye moyo uliochoka, ugonjwa sugu wa mapafu, upungufu mkubwa wa damu, au mjamzito.

Na kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, nami nalihofia kuliko mwinuko. Addis Ababa yenyewe haina malaria, maana mbu wake hawawezi kustawi kwenye baridi ile. Wewe unatoka Mombasa. Unaweza kuondoka hapa ukiwa umeumwa na mbu wiki iliyopita, ukashikwa na homa ukiwa kule, na kila mtu, hata wewe, akasema ni hewa ya juu. Mwinuko haukupi homa. Mwili ukichemka, nenda hospitali siku hiyohiyo na maneno yako ya kwanza yawe kwamba umetoka pwani ya Kenya na unataka kupimwa malaria. Vilevile usisubiri asubuhi ukihema hali umekaa kitini, ukiyumba ukitembea, akili ikichanganyikiwa, kifua kikibana, au kichwa kikiuma kwa namna ambayo dawa haikipozi.

Chanjo ya homa ya manjano shughulikia mapema, kwa kuwa huhesabiwa kuwa imeanza kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Kama ulishawahi kuchomwa, cheti hicho sasa kinakubalika maisha yote, kwa hiyo kitafute kabatini. Viza huhitaji ukiwa Mkenya. Pasipoti ndiyo ya lazima, kitambulisho hakitoshi.

Sasa mji wenyewe, na huku ndiko roho yangu iliko.

Addis Ababa imeegemea mlima. Uwanja wa ndege wa Bole uko upande wa kusini mashariki, kwenye mita 2,330 hivi. Kadiri unavyokwenda kaskazini ardhi inapanda, hadi vilele vya Entoto vinavyopita mita 3,000. Waongoza wageni wengi hukupeleka Entoto siku ya kwanza ili uutazame mji wote kutoka juu. Kwa mtu aliyetoka Nairobi, mita 1,700 hivi, hilo linavumilika. Kwa aliyekula mahamri na mbaazi asubuhi kandokando ya bahari, ni kosa. Wewe panda na siku: siku ya kwanza chini, ya mwisho juu.

Jumapili usifanye lolote kubwa. Kituo chenu cha mikutano kipo katikati ya mji, karibu na uwanja wa Meskel. Ukipata hoteli upande huo, jua likielekea kutua tembea polepole hadi uwanjani, utazame vijana wakifanya mazoezi na kucheza mpira kwenye ngazi zake pana, kisha rudi. Vaa sweta, na shali chini ya buibui, maana usiku wa Novemba baridi hushuka hadi nyuzi kumi na chini yake, na vyumba vingi havina kipasha joto. Mchana jua huwaka kweli na huchoma haraka kuliko letu kwa sababu hewa ya kulichuja ni nyembamba. Kofia au mtandio utakufaa, na mafuta ya midomo pia.

Jumatatu na Jumanne una vikao, lakini hapo ulipo umeketi juu ya historia. Ndani ya eneo hilohilo la Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi ya Afrika kuna Ukumbi wa Afrika, uliofunguliwa 1961. Hapo ndipo viongozi wa nchi 32 walipotia saini kuunda Umoja wa Nchi za Afrika tarehe 25 Mei 1963, wakati Kenya yetu ilikuwa bado haijapata uhuru. Ukiingia utakuta dirisha kubwa la vioo vya rangi, mita za mraba 150, kazi ya mchoraji Afewerk Tekle, likieleza mateso ya Afrika, mapambano yake na matumaini yake. Wajumbe wengi hupita karibu na mlango huo siku tatu wasijue kilichomo ndani. Jumatatu asubuhi, ukiwa na beji yako shingoni, waulize wasimamizi wa mkutano jinsi ya kupangiwa matembezi. Mwalimu akisimama mbele ya dirisha lile atakuwa na somo la muhula mzima.

Ukitoka nje, simu ibaki mkobani. Barabara ile ina ikulu na majengo ya serikali, na askari hawataki yapigwe picha. Ukiona mlinzi mwenye bunduki na ukuta mrefu, usiulize mara mbili.

Jumatano mchana ndiyo zawadi yako. Hapa watu hukosea kwa kutaka kuvuka mji mzima. Wewe chagua mstari mmoja: Sidist Kilo, Amist Kilo, Arat Kilo. Ni njiapanda tatu zinazofuatana, na ya juu ni Sidist Kilo. Panda na gari hadi pale, kisha uteremke kwa miguu. Moyo wako utakushukuru, na njia nzima haizidi mwendo wa kilomita mbili hivi. Sidist Kilo kuna mnara wa kukumbuka mauaji ya Februari 1937, Waitaliano walipoua maelfu ya wakazi wa mji kwa siku tatu baada ya jaribio la kumuua Graziani, mkuu wao. Ng'ambo yake ni Chuo Kikuu cha Addis Ababa, na ndani yake makumbusho ya utamaduni yaliyowekwa katika iliyokuwa ikulu ya Haile Selassie. Chumba chake cha kulala bado kipo. Kwangu mimi hayo ndiyo makumbusho bora zaidi mjini, na ukiwa na muda wa sehemu moja tu, iwe hapo.

Ukiteremka hadi Amist Kilo utaikuta Makumbusho ya Taifa, nyumba ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh. Mifupa yake iligunduliwa Hadar, bonde la Afar, mwaka 1974, na umri wake ni miaka milioni 3.2. Inayoonyeshwa ni nakala, ya asili imehifadhiwa, lakini ufupi wake utakushangaza: alikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukifika Arat Kilo na miguu bado ina nguvu, kuna kanisa kuu la Utatu Mtakatifu alikozikwa Haile Selassie mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake. Wageni wa dini zote huingia, viatu vinavuliwa. Ukichoka, liache. Thibitisha saa za kufunga kabla ya kutoka ukumbini, kwa kuwa mengi ya hayo hufunga jioni mapema.

Alhamisi, mwili ukiwa na siku nne, nenda Entoto asubuhi. Funga mizigo kwanza, uiache mapokezi. Panda na gari hadi juu kabisa, usipande kwa miguu, na ukifika tembea taratibu. Kuna kanisa la Maryam na nyumba ya zamani ya Mfalme Menelik II. Yeye na Malkia Taytu waliishi juu kule kabla ya kuteremka kwenye chemchemi za maji moto za Filwoha, na hapo chini ndipo mji ulipoanza mwaka 1886. Baridi na uhaba wa kuni viliwachosha. Mikalitusi unayoiona imefunika mlima wote ililetwa kutoka Australia wakati wake ili mji upate kuni. Saa mbili zinatosha. Kichwa kikianza kugonga, dawa yake ni kuteremka, na gari lako liko hapohapo.

Mchana mwanao ameandika Mercato. Ni moja ya masoko makubwa kabisa ya Afrika, na Msikiti wa Anwar uko hapo, kwa hiyo naelewa mvuto wake. Lakini wezi wa mifukoni wapo, msongamano ni mkubwa, na una ndege usiku. Ukipata mwenyeji wa kukushika mkono, nenda uswali Adhuhuri Anwar na upite kwenye viungo na kahawa. Usipompata, mimi ningekwenda Piassa kwenye Makumbusho ya Ushindi wa Adwa yaliyofunguliwa 2024, jirani na kanisa la Mtakatifu Giorgis. Yanaeleza jinsi jeshi la Menelik na Taytu lilivyoishinda Italia tarehe 1 Machi 1896. Usishangae kuikuta Piassa haifanani na picha za zamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa mwaka huohuo wa 2024.

Juu ya saa, nisikilize vizuri, maana hapa una faida ambayo mgeni wa Ulaya hana, na pia una mtego wako mwenyewe. Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku inaanza, na saa mbili asubuhi ni saa mbili. Hata majira ni yaleyale ya Afrika Mashariki, hutasogeza mshale. Ukiwa na dereva aliyesoma Kiswahili kidogo mtaelewana papo hapo. Mtego uko kwenye Kiingereza. Sisi tukizungumza Kiingereza hubadilisha saa bila kufikiri. Dereva wa Addis mara nyingi habadilishi. Akikwambia kwa Kiingereza kwamba atakuchukua saa "three", huenda anamaanisha saa tatu asubuhi, wewe ukamngoja saa tisa alasiri. Ratiba ya kongamano na tiketi ya ndege, kwa upande mwingine, hufuata hesabu ya kimataifa. Kila mnapopanga, taja asubuhi, mchana au usiku, na muulize: saa ya Kihabeshi au ya wageni? Na tarehe pia: kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo risiti yenye mwaka wa ajabu si ya kughushi.

Chakula sasa. Hapa kwetu umezoea kwamba hata bucha ya Mkristo, mchinjaji ni Mwislamu. Ethiopia si hivyo. Kwa desturi Mkristo hula nyama iliyochinjwa na Mkristo, na Mwislamu ya Mwislamu, na bucha na hoteli zimetengana. Usichukulie kwamba kila nyama ni halali, uliza. Hoteli za Waislamu zipo Bole na kuzunguka Mercato. Lakini una njia rahisi zaidi. Wakristo wa Orthodox hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai na siagi. Uliza chakula cha "yetsom" na utaletewa sinia ya injera, mkate wao mpana kama chapati, yenye shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), dengu, kabichi na mboga za majani, vyote vya mafuta ya mimea. Jumatano yako ya matembezi itakuta chakula hicho kila kona. Ukisafiri baada ya tarehe 25 Novemba, mfungo wa kabla ya Krismasi yao utakuwa umeanza, na utakipata kila siku.

Nyama mbichi ipo kweli, kitfo na tere siga, na ni chakula cha heshima. Hakuna atakayekulazimisha. Mwenyeji akikukaribisha, omba ipikwe hadi iive, kwa sababu nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kuwa na tegu. Kinywaji cha kujihadhari nacho ni tej, kwa kuwa huletwa kama maji ya asali na kumbe kimechachushwa, ni kilevi. Tella, pombe yao ya nafaka, vilevile. Kahawa ndiyo furaha yao na utaipenda, ila huandaliwa kwa raundi tatu, na kwa presha yako na usingizi wa siku za mwanzo, kikombe cha kwanza cha alasiri kinatosha. Kusema "moja imenitosha" si kuwavunjia heshima.

Na kibla hakitakusumbua: kule pia ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo tu. Ni nchi ya Najashi, aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza. Hutakuwa mgeni wa kushangaza.

Mengine kwa haraka. Beba dola, shilingi yetu ni vigumu kuibadilisha, na badilisha benki au hotelini. Bei za birr zilizoandikwa kabla ya Julai 2024 zisahau, kwa sababu fedha hiyo iliachiwa ishuke na kila kitu kilibadilika. M-Pesa imeingia Ethiopia tangu 2023 lakini ni ya laini za kule, usiitegemee yako. Laini ya simu utanunua kwa pasipoti uwanjani Bole. Soketi ni za matundu mawili ya mviringo. Tuktuk na bodaboda za kukurukia kila kona kama hapa hutazipata katikati ya mji, kwa hiyo tumia teksi za programu ya Ride au Feres, ambazo hoteli inaweza kukuitia.

Umeuliza kama utoke au usitoke, na najua nyuma yake kuna swali la mwanamke kuwa peke yake. Mchana, katika mstari niliokupa, toka bila hofu, na ukipata mjumbe mwenzako mmoja ni bora. Usiku rudi na gari hadi mlangoni. Kijana akijitambulisha kama mwanafunzi, akataka kukupeleka kwenye "sherehe ya kahawa" nyumbani kwa jamaa yake, mshukuru na uendelee na safari. Mchezo huo ni wa siku nyingi na huishia kwenye bili kubwa. Usikubali pia ziara ya nje ya mji bila kuuliza, kwa kuwa baadhi ya sehemu za Amhara na Oromia zimekuwa na mapigano. Ubalozi wa Kenya upo Addis, andika nambari yake kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Alhamisi ondoka mjini mapema, uwe uwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, maana ukaguzi huanza kabla hujaingia jengoni. Lakini hayo yote yatafuata. Wiki hii anza na daktari wako, ukiwa na orodha ya vidonge vyako mkononi, na umweleze kwamba unakwenda kulala siku nne kwenye mita 2,350 na kupanda mita 3,000 kwa asubuhi moja. Akikwambia Entoto uiache, iache, maana Sidist Kilo na Ukumbi wa Afrika bado ni vyako.